Picha moja ya video yaweza kuleta haki au kuipoteza

Januari 16, 2008, katika mtaa wa Kondele mjini Kisumu, kamera ya runinga ya KTN ilimnasa afisa wa polisi akiwafyatulia risasi vijana wawili wasiokuwa na silaha, kisha akimpiga teke mmoja wao aliyekuwa ameanguka. Vijana hao waliaga dunia. Nchi nzima iliona, na wengi waliamini kuwa ushahidi mwingine haukuhitajika.

Hata hivyo, Juni 2010 Mahakama Kuu ilimwachilia huru afisa aliyeshtakiwa. Nambari ya bunduki iliyochunguzwa na mtaalamu wa silaha haikuoana na ya ile aliyokuwa amekabidhiwa. Mnamo 2014 Mahakama ya Rufaa iliagiza kesi isikizwe upya.

Funzo la Kondele lingali na uzito hata sasa, hasa kwa wakazi wa vituo vya mashambani kama Kosele katika Kaunti ya Homa Bay, ambako simu ya mkononi imechukua nafasi ya kamera ya runinga. Mkutano wa siasa ukigeuka vurugu, video huwa imesambaa kabla ya polisi kuandika taarifa. Kinachofuata ni mtu kusimamisha video hiyo, kutoa picha moja mnato, kuzungushia uso fulani duara jekundu na kuisambaza.

Hapo ndipo hatari ilipo. Video ya runinga nchini Kenya huwa na picha 25 kwa kila sekunde, na ya simu aghalabu 30. Dakika moja ya simu basi ina picha 1,800. Anayechagua moja ameziacha 1,799. Mkono ulioinuliwa kukinga rungu, ukitazamwa katika picha moja tu, waweza kudhaniwa kuwa mkono unaopiga. Asiye na hatia aweza kuvamiwa nyumbani kwake kwa sababu hiyo.

Ubora nao ni suala jingine. Ili faili iwe ndogo, simu huhifadhi picha chache zikiwa kamili, na nyingine huhifadhiwa kama tofauti tu kati ya picha moja na nyingine. Video ikitumwa kwa WhatsApp hubanwa tena, na sura ya mtu wa mbali hugeuka kuwa miraba ya rangi. Anayepiga picha ya skrini huongeza hasara juu ya hasara.

Njia iliyo salama si ngumu. Faili asilia huhifadhiwa bila kuguswa, na kazi hufanyiwa nakala. Programu ya kuhariri huagizwa itoe picha yenyewe kwa ukubwa wake kamili, katika muundo wa PNG usiopoteza chembe za picha kama JPEG. Dakika na sekunde ya picha hiyo huandikwa, na picha za kabla na baada yake hutolewa pia.

Sheria nayo yataka uangalifu. Tangu marekebisho ya 2009, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi hutambua rekodi za kielektroniki, lakini huhitaji hati iliyotiwa saini inayoeleza jinsi rekodi ilivyotolewa na kifaa kilichotumika. Picha isiyojulikana ilikotoka huwa vigumu kuitetea mbele ya hakimu.

Kwamba kazi hii yawezekana ilithibitishwa Aprili 2025, pale BBC ilipotoa filamu ya Blood Parliament kuhusu waandamanaji waliouawa nje ya Bunge, Nairobi, Juni 25, 2024. Wachunguzi walipitia zaidi ya picha 5,000, wakalinganisha saa zilizorekodiwa na simu na saa za hadharani zilizoonekana katika eneo hilo, ndipo wakawatambua maafisa waliofyatua risasi.

Wakazi wa Kosele hawana jopo kama hilo. Wanachohitaji ni kituo cha polisi, au Mamlaka Huru ya Kusimamia Polisi (IPOA) pale polisi wenyewe wanaposhukiwa, kupokea faili asilia kwa utaratibu na kumpa aliyerekodi stakabadhi. Maadamu utaratibu huo haujafika mashinani, aliyerekodi hana budi kuihifadhi faili hiyo mwenyewe, kwa kuwa nakala iliyosambazwa haitamfaa mfiwa wala mshukiwa.