Mteja Mwaminifu

Umelipia intaneti kwa kampuni ileile miaka mingapi? Mwaka 2008 Serikali iliwauzia Wakenya hisa za Safaricom, Sh5 kila moja. Wengi walikopa ili wanunue, na bei iliposhuka chini ya hapo wakauza kwa hofu. Kufikia 2021 hisa hiyo ilikuwa imepita Sh40. Sisi wengine tulibaki wateja waaminifu, tukihesabu pointi za Bonga. Yule mtumwa wa Mathayo 25 angalau aliirudisha talanta aliyoifukia. Bando likiisha limekwenda. Sisemi ukope, wala uguse karo ya mtoto. Hisa hushuka pia. Lakini chama chenu kinachokutana baada ya ibada, kimewahi kulizungumzia jambo hili hata mara moja?