Mrushaji mmoja wa roketi: fundisho ambalo Likasi inalijua tayari

BULUO, Likasi – Mkaaji wa Buluo akiambiwa kwamba kampuni mbili za roketi huko Marekani ziliungana kuwa moja, anaweza kujibu kwamba habari hiyo haimhusu. Ana shida ya umeme, ana shida ya maji, na bei ya unga haimngojei. Lakini lori linalopita Likasi kutoka Kolwezi kuelekea Lubumbashi na shehena ya kobalti linafuatiliwa na mwenye mali kwa setilaiti. Picha za televisheni zinazotoka ng'ambo hupitia huko juu. Na tangu Mei 2025, Mamlaka ya Posta na Mawasiliano ya Kongo, ARPTC, ilipotangaza kuipa Starlink leseni, intaneti ya setilaiti si jambo la kuvizia tena. Swali la nani anarusha setilaiti, na kwa bei gani, limekwisha fika mlangoni.

Swali lenyewe ni hili: je, ni heri wapinzani wawili waungane, pawe na mrushaji mmoja mwenye nguvu, au ni heri waachwe washindane hata kama mmoja ataanguka? Jibu la haraka lipo katika methali ambayo kila mtoto wa shule anaijua, kwamba umoja ni nguvu. Lakini methali hiyo haisemi ni nguvu ya nani, wala juu ya nani.

Kisa chenyewe kinastahili kusimuliwa vizuri. Mwaka 1998 jeshi la anga la Marekani liligawa kazi ya kurusha setilaiti zake kwa kampuni mbili, Boeing yenye roketi ya Delta IV na Lockheed Martin yenye Atlas V. Matumaini yalikuwa kwamba kampuni za simu na televisheni duniani zingenunua safari nyingi, na kwa hiyo bei ingeshuka kwa wote. Soko hilo halikuja. Kampuni zote mbili zikabaki na viwanda vikubwa na wateja wachache. Ugomvi nao ukakolea: mwaka 2003 Boeing iliadhibiwa na kunyang'anywa safari 7 baada ya kugundulika kwamba ilikuwa na nyaraka za siri za mpinzani wake, na Lockheed Martin ikaenda mahakamani.

Mei 2005 mahasimu hao wakatangaza kwamba wataungana. Tarehe 1 Desemba 2006 ikazaliwa United Launch Alliance, kwa kifupi ULA, kila mzazi akimiliki nusu. Hoja ilikuwa kwamba serikali ingeokoa kati ya dola milioni 100 na 150 kila mwaka, na kwamba jeshi lingebaki na aina mbili za roketi, ili moja ikipata hitilafu, nyingine iendelee. Tume ya biashara ya Marekani haikuficha kwamba ushindani ungeumia. Hata hivyo ilikubali, kwa masharti, kwa sababu wizara ya ulinzi ilisema usalama wa taifa unatangulia.

Haki itendeke: upande mmoja wa ahadi ulitimizwa vizuri. Oktoba 2015 ULA ilifikisha safari ya 100. Setilaiti za jeshi, za hali ya hewa na za kuelekeza njia zilifika zilikotakiwa. Anayejua jinsi roketi zinavyolipuka kwa urahisi hawezi kuidharau rekodi hiyo. Pia haiwezekani kukataa kwamba bila muungano huo, pengine mmoja wa wapinzani angefunga kiwanda, na ujuzi wa miaka mingi ungetawanyika.

Upande wa pili, ule wa bei, ulikwenda kinyume. Mnunuzi alikuwa mmoja, muuzaji mmoja, na serikali ilikuwa inalipa mamia ya mamilioni ya dola kila mwaka ili tu viwanda na mafundi wabaki tayari, mbali na malipo ya kila roketi. Mwaka 2012 gharama za mpango huo zilivuka kikomo ambacho sheria ya Marekani inalazimisha Bunge lijulishwe na mradi wote uchunguzwe upya. Roketi ya Atlas V nayo ilikuwa inasukumwa na injini za Kirusi. Urusi ilipoitwaa Krimea mwaka 2014, Washington ikagundua kwamba setilaiti zake za kijeshi zinategemea chuma cha mtu ambaye wamegombana naye.

Aliyevunja mzunguko huo alikuwa mgeni. SpaceX ilikuwa imejaribu kuuzuia muungano mahakamani tangu 2005, ikashindwa. Aprili 2014 ilirudi mahakamani kulalamika kwamba jeshi limeipa ULA mkataba mkubwa bila zabuni ya wazi. Januari 2015 pande hizo zilipatana, Mei mwaka huo roketi ya Falcon 9 ikapewa kibali cha kubeba mizigo ya jeshi, na Aprili 2016 SpaceX ikapata kazi ya kurusha setilaiti ya GPS kwa dola milioni 82.7. Jeshi lenyewe lilieleza kwamba bei hiyo ilikuwa chini kwa karibu asilimia 40 kuliko ilivyozoea kulipa. Baada ya hapo ULA nayo ikaamka. Ilipunguza gharama, ikaunda roketi mpya ya Vulcan iliyoruka kwa mara ya kwanza Januari 2024, ikaachana na injini za Kirusi.

Jambo la kushika hapa ni kwamba ujuzi wa kupunguza bei ulikuwepo siku zote. Kilichokosekana ni sababu ya kuutumia.

Ulaya ilipita njia ile ile. Airbus na Safran ziliunganisha kazi zao za roketi kuanzia mwaka 2015, na tangu 2017 kampuni hiyo inaitwa ArianeGroup. Ilipofika Julai 2023 Ariane 5 ilistaafu, mrithi wake Ariane 6 hakuwa tayari, roketi ndogo ya Vega-C ilikuwa imesimamishwa baada ya ajali ya Desemba 2022, na roketi za Soyuz za Urusi zilikuwa zimeondoka kwa sababu ya vita vya Ukraine. Kwa mwaka mzima bara lile tajiri halikuwa na roketi yake ya kubeba mzigo mkubwa. Setilaiti za Galileo, ambazo Ulaya ilizitengeneza ili isitegemee Marekani, zikapelekwa angani mwaka 2024 na roketi ya Marekani.

Leo kibao kimegeuka. Mwaka 2024 SpaceX ilirusha roketi zake zaidi ya mara 130, kuliko nchi yoyote nyingine. Hakuna aliyeiunganisha na mwenzake. Imefika hapo kwa kushinda. Lakini kwa mnunuzi matokeo yanaanza kufanana. Mwaka 2022 kampuni ya OneWeb, mpinzani wa Starlink katika intaneti ya setilaiti, ilipokosa roketi za Urusi, ililazimika kumwendea SpaceX, yaani mwenye Starlink, kumwomba amrushie. Muuzaji wa mikate aliyelazimika kununua unga kwa muuza mikate mwenzake anajua hali hiyo ilivyo.

Nchi za jirani zimefaidika wakati milango ilipokuwa mingi. Setilaiti ya kwanza ya Rwanda ilikwenda mwaka 2019 na roketi ya Japani. Ile ya Uganda ilikwenda Novemba 2022 na roketi ya Antares ya Northrop Grumman. Taifa-1 ya Kenya ilikwenda Aprili 2023 na Falcon 9. Kila nchi ilipata njia yake kupitia mshirika wake. Siku njia itakapobaki moja, nchi ndogo ndizo zitakazosubiri mwisho wa foleni.

Katanga si mgeni katika habari hizi. Kampuni ya Ujerumani Magharibi, OTRAG, iliyoanzishwa na mhandisi Lutz Kayser, ilikodishiwa na serikali ya Mobutu eneo la takriban kilomita za mraba 100,000 kaskazini mwa jimbo, wakati huo likiitwa Shaba, hadi mwaka 2000. Wazo lake lilikuwa la mafundi: kufunga pamoja mabomba mengi yanayofanana, ya bei nafuu, badala ya kujenga roketi moja ya thamani. Ya kwanza iliruka tarehe 17 Mei 1977, ya pili Mei 1978. Ya tatu, Juni 1978, ilianguka mbele ya Mobutu mwenyewe katika bonde la mto Luvua. Mwaka 1979 Kinshasa ikavunja mkataba, kwa kusukumwa hasa na Umoja wa Kisovieti na majirani walioogopa kwamba makombora yanatengenezwa humo. OTRAG ikahamia Libya. Jimbo halikubaki na kiwanda, wala shule ya ufundi, wala mhandisi aliyefunzwa. Ardhi kubwa kama ile ilikabidhiwa mtu mmoja, na alipoondoka aliondoka na kila kitu.

Kwa Likasi kuna kumbukumbu nyingine iliyo karibu zaidi. Tangu 1967, Union Minière ilipotaifishwa, maisha ya mji huu yalining'inia kwenye kampuni moja, ambayo baadaye iliitwa Gécamines. Kampuni hiyo ilikuwa mwajiri, mwenye hospitali, mwenye shule na mwenye nyumba. Mwaka 1986 ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba. Katikati ya miaka ya 1990 ilikuwa imeshuka hadi kama tani 30,000. Hapakuwa na mlango wa pili wa kubisha. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliingizwa katika mpango wa kuondoka kwa hiari, na familia nyingi za Likasi bado zinahesabu miaka yao kwa kuanzia siku hiyo.

Na bado Kinshasa inaupenda mlango mmoja. Mwaka 2019 serikali iliunda Entreprise Générale du Cobalt, EGC, tawi la Gécamines, ikaipa haki ya pekee ya kununua kobalti ya wachimbaji wadogo. Hoja zake hazikuwa mbaya: kuondoa watoto migodini, kuzuia vifo katika mashimo, kumpa mchimbaji bei ya haki, na kuwa na nguvu ya kuongea na wanunuzi wa dunia. Ilizinduliwa rasmi Machi 2021. Miaka ikapita kabla ya ununuzi kushika kasi, na wakati huo mchimbaji aliendelea kupeleka gunia lake kwenye madepo, kwa mizani ya mwenye depo na kwa bei ya mwenye depo. Haki ya pekee ilikuwa kwenye karatasi. Mchimbaji alibaki na njia ile ile ya zamani, isipokuwa sasa njia hiyo haikutambuliwa na sheria.

Kuna watakaosema kwamba kobalti na roketi ni vitu viwili tofauti. Ni kweli, roketi haijengwi na kila mtu, na soko lenye wateja wachache haliwezi kulisha viwanda kumi. Ndiyo maana si sahihi kusema kwamba kila muungano ni wizi. Lakini mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Anayeomba awe peke yake hodi yake huwa ni ya usalama, ya akiba, ya heshima ya taifa. Kazi ya anayempa ruhusa ni kuuliza maswali matatu kabla ya kutia sahihi.

La kwanza ni la muda: haki hiyo ya peke yake inakwisha lini? ULA ilikaa karibu miaka 10 bila mtu wa kuisumbua, kwa sababu hapakuwa na tarehe ya kufungua zabuni. La pili ni la hesabu: nani anaona vitabu? Akiba iliyoahidiwa bila mkaguzi wa nje hubaki kuwa hotuba. La tatu ni la mlango: mgeni mwenye bei nzuri zaidi atapita wapi? SpaceX ilipita mahakamani. Mjasiriamali wa Likasi hana mawakili wa Washington.

Maswali hayo yana kazi ya kufanya hapa hapa, sasa hivi. ARPTC imempa leseni mtoa huduma mmoja mkubwa wa intaneti ya setilaiti, na hilo ni jema kwa vijiji ambavyo minara ya simu haikufika. Isiwe mwisho. Wapinzani wake wakija, wakutane na masharti yale yale na ada ile ile, na mikataba ya shule, hospitali na ofisi za serikali itolewe kwa zabuni ya wazi, kwa miaka michache kila mara. Kuhusu EGC, wabunge wa Haut-Katanga na Lualaba wana haki ya kudai tarehe na hesabu: imenunua kiasi gani, kwa bei gani, na ikishindwa kufika kwenye mgodi, mchimbaji amuuzie nani kihalali.

Marekani ilikuwa na fedha za kulipia kosa lake kwa miaka 10, na bahati ya kuwa na mpinzani aliyekataa kunyamaza. Ulaya ilikuwa na fedha za kukodi roketi ya jirani. Kongo haina akiba ya namna hiyo. Mji ambao ulishuhudia mwajiri wake wa pekee akianguka una haki ya kuuliza, kabla ya sahihi inayofuata, mlango wa pili uko wapi.