Daftari Lipunguzalo Kodi

Mlowo huamka mapema. Kabla magari yaendayo Tunduma hayajaanza kupishana na yale yatokayo Mbeya, majiko ya majumbani yamekwisha kuwashwa, maandazi yanaumuka, na cherehani zinangoja mwanga. Ni biashara zisizo na kibao mlangoni, na wenye nazo hutuuliza: je, kazi ya nyumbani nayo hutozwa kodi? Na ikitozwa, hupunguzwaje kwa njia ya halali?

Sheria haitazami mlango, hutazama mauzo. Mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake hayazidi shilingi milioni 100 kwa mwaka hukadiriwa kodi ya mapato kwa mauzo, si kwa faida. Kwa hiyo unga, mkaa na umeme, japo humaliza fedha, havimpunguzii kodi. Kinachompunguzia ni kumbukumbu.

Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2019, mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka hayatozwi kodi hiyo. Yakizidi hapo hadi milioni 7, asiye na kumbukumbu hulipa shilingi 100,000, ilhali mwenye nazo hulipa asilimia 3 tu ya kile kilichozidi milioni 4.

Tuchukue mfano wa mama auzaye maandazi ya shilingi 16,000 kwa siku, siku 25 za mwezi. Kwa mwaka ni shilingi 4,800,000. Akiwa na daftari, kodi yake ni shilingi 24,000. Akiwa hana, ni 100,000. Tofauti ya shilingi 76,000 ni sare na viatu vya watoto. Jirani yake auzaye ya shilingi 13,000 hufikia 3,900,000, naye hadaiwi kitu. Lakini bila daftari atathibitisha vipi? Atakayemkadiria huenda akafika Ijumaa, wateja wakiwa wamejaa, akadhani kila siku ni Ijumaa.

Daftari lenyewe si elimu ngumu. Kila jioni iandikwe tarehe, kilichouzwa, kilichonunuliwa na kilichokopeshwa, na stakabadhi zihifadhiwe. Fedha ya biashara isichanganywe na ya sukari ya nyumbani. Sisi Waislamu tuna sababu zaidi ya kuandika: aya ya 282 ya Suratul Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, inahusu kuandikiana madeni. Wala yasiwepo madaftari mawili, moja la kweli na moja la kuonyesha. Kupunguza kodi kwa kumbukumbu ni haki yako. Kuficha mauzo ni khiyana.

Namba ya mlipakodi hutolewa bure, na kodi hii hulipwa kwa awamu nne: mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Ilipwe kwa namba ya malipo, si mkononi mwa mtu. Na kwa kuwa Bunge hupitisha Sheria ya Fedha kila mwaka, ulizeni TRA viwango vya sasa kabla ya kulipa.

Nanyi akina baba, chumo la mke ni mali yake. Msaidieni kujumlisha hesabu usiku, kisha mrudishieni daftari lake, na fedha zake pia. Mwenyezi Mungu azibariki riziki zetu.