Usiniambie Nisubiri Njaa

Kiswahili husema njaa husikika. Mtu husikia njaa vile anasikia kengele, au jirani akibisha mlango. Sawa. Na asiyesikia je?

Mimi ninaweza kutoka chai ya asubuhi hadi saa tatu usiku bila tumbo kusema neno. Kitakachonishtua ni vidole kutetemeka nikichapa, ama kichwa kugonga, ama nijipate nikimfokea konda juu ya shilingi kumi. Njaa yenyewe bado haijatokea. Halafu mtu ananiambia, kwa upole kabisa: "Skiza mwili wako. Ukisikia njaa, kula." Huo ni ushauri wa watu ambao kengele yao hulia, na kwetu sisi wengine ni ushauri mbaya.

Si maringo, na si kutafuta wembamba. Watu wengi wenye usonji au ADHD husoma habari za ndani ya mwili kwa shida. Baadhi ya dawa za ADHD hupunguza hamu ya kula. Huzuni nzito pia huizima. Halafu kuna ghrelini, homoni ya njaa ambayo watafiti wa Japani waliitambua mwaka wa 1999. Hiyo hupanda kabla ya saa za kula ulizozoea. Soma tena hapo: ulizozoea. Bweni lilikuzoesha kwa kengele na githeri. Nyumbani mathe alikuita mara moja tu. Hata chuoni, kabla sijaacha, mesi ilikuwa na saa ya kufungwa. Sasa uko kwa keja yako Roysambu, peke yako, na hakuna anayegonga kengele. Unashangaa nini mwili ukinyamaza?

Na kula kwa saa si ugonjwa. Mwezi wa Ramadhani, majirani zangu huamka kula daku kabla ya alfajiri. Nani kati yao ameamshwa na tumbo? Wanakula kwa sababu saa imefika, na sijaona mtu akiwaambia wasubiri mwili uongee.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu: watu wanalala njaa nchi hii, na wewe unasahau kula? Ni kweli wanalala njaa. Lakini sahani ambayo sikuigusa haijawahi kufika Turkana. Isitoshe, mambo haya mawili hukaa nyumba moja. Ukiandika makala leo ulipwe baada ya miezi miwili, tumbo linalonyamaza linakufaa sana. Unaanza kuliita nidhamu. Wale wasee wa mitandaoni wanaojisifu kupiga kazi kutwa nzima kwa maji na kahawa wanakupigia makofi, na mteja anayechelewesha pesa yako hana haja ya kuona aibu.

Kwa hivyo mimi nakula kwa amri. Simu inalia saa mbili, saa saba, saa moja jioni. Ikilia nakula kwanza, mambo ya kutamani baadaye. Uji uko kwa thamosi tangu asubuhi. Mayai yamechemshwa matano kwa mpigo, na ndizi ziko karibu na kompyuta mahali nitazigonga na mkono. Pesa ikiingia, kabla ya kodi haijainusa, namlipa mama wa kibanda chapo madondo za wiki nzima. Hiyo ndiyo mbinu bora kuliko zote, maana nisipotokea saa nane anatuma kijana kuuliza kama nimesafiri.

Wewe rafiki unayetaka kusaidia, wacha kunitumia maneno ya hekima kuhusu kujipenda. Usiniulize hata kama nimekula, kwa sababu "ndio" ni rahisi kuandika. Niulize nimekula nini, na saa ngapi.