Nyota Tano Hazipimi Lugha

Ukiingia katika duka la programu za simu ukaandika neno "Kiswahili", utaletewa kamusi, masomo, misemo ya wasafiri na programu za kutafsiri za kila aina. Nyingine ni za bure na zimejaa matangazo, nyingine zinauzwa. Hoja yangu ni moja: katika soko hili hakuna anayepima lugha yenyewe, na kazi hiyo ni yetu sisi wa kitivo hiki.

Tuanze na kile kinachopimwa. Ili kuuza katika Google Play, mtengenezaji hulipa dola 25 mara moja tu. Tangu 2015 programu hukaguliwa kabla ya kutolewa, na tangu mwisho wa 2023 mwenye akaunti mpya ya binafsi hulazimika kwanza kuijaribisha kwa kikundi cha watu kwa siku 14. Ukaguzi huo hutafuta virusi, wizi wa data, picha chafu, programu inayokwama. Yote hayo ni ya maana. Lakini programu inaweza kuvuka milango yote hiyo huku ikitafsiri "kaa la moto" kana kwamba ni kaa wa baharini.

Wapo wanaosema kwamba bei yenyewe ni dhamana: cha kulipia ni bora kuliko cha bure. Mwaka 2014 programu iliyoitwa Virus Shield iliuzwa dola 3.99 katika Google Play kama kinga ya simu. Zaidi ya watu 10,000 waliinunua, ikapata wastani wa nyota 4.7. Ilipofunguliwa na kuchunguzwa, ilionekana kwamba haikufanya lolote ila kubadilisha picha ndogo kwenye kioo cha simu. Google ikaiondoa na kuwarudishia wanunuzi pesa zao. Basi bei haikusaidia, wala nyota hazikusaidia. Aliyesaidia ni mtu aliyejua kuifungua na kutazama ndani.

Kwa upande wa lugha mambo ni magumu zaidi. Mchezo ukikwama, mchezaji huona papo hapo na kudai pesa zake. Google Play hupokea maombi hayo ndani ya saa 48. Kosa la kamusi halikwami. Linakaa kimya katika ukurasa wake, linafanana kabisa na jibu sahihi. Mnunuzi wa kamusi ni yule asiyelijua neno. Angekuwa na uwezo wa kuliona kosa, asingekuwa na haja ya kununua. Ndiyo maana nyota nyingi hutolewa na wasioweza kuhukumu, na wanaoweza kuhukumu hawaingii dukani.

Hapa Kolwezi tunalifahamu soko la namna hiyo. Mchimbaji akifikisha gunia lake Musompo, mnunuzi huchukua Metorex, kile kifaa cha kupimia kiwango cha madini, hutaja asilimia, na bei hufuata asilimia hiyo. Malalamiko ya wachimbaji kwamba vipimo hushushwa ni ya miaka mingi. Mchimbaji hana Metorex yake. Ataamini, au atabeba gunia hadi depo ya jirani. Katika soko la programu pande zimegeuka, kwani asiye na kipimo ni mnunuzi. Lakini dawa ni ileile: kipimo kisichomilikiwa na muuzaji wala mnunuzi.

Kisha kuna swali la Kiswahili kipi. Katiba ya 2006 inakitaja Kiswahili kuwa moja ya lugha nne za taifa, na orodha ya kimataifa ya lugha imekipa Kiswahili cha Kongo msimbo wake, swc. Dukani tofauti hiyo hupotea: jina ni "Kiswahili" tu. Mwenzetu wa darasa alilipia kamusi isiyojua bukari wala sombe, na ambayo kwake "batu" ni kosa la tahajia. Tunaweza kucheka. Lakini fikirini mgeni anayekuja kusimamia kazi mgodini, aliyejifunza lugha kwa simu njiani. Mfanyakazi akimpigia kelele kutoka shimoni, "Mayi inakuya!", mgeni huyo aliyefundishwa "maji yanakuja" atatafuta neno ambalo programu yake haina.

Je, mlango ufungwe, programu za lugha zipitishwe kwanza na baraza la serikali? Tanzania ina BAKITA, iliyoanzishwa 1967, ambayo hutoa ithibati ya lugha kwa vitabu vya shule, na kazi hiyo naiheshimu. Lakini kwetu historia inatuonya. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha 1986, alionyesha jinsi miongozo ya Kiswahili ya zama za Wabelgiji ilivyochagua lugha ya kuamuru kuliko ya kuzungumza. Aliyeshika muhuri ndiye aliyeamua tunasemaje. Zaidi ya hayo, mlango uliofungwa ungemzuia kwanza mwanafunzi wa Kolwezi mwenye dola 25 na wazo zuri.

Wala sisemi programu zitolewe bure. Kukusanya maneno mtaa kwa mtaa ni kazi ya miaka, na anayeifanya anastahili kulipwa. Kinachomnyima malipo ni kukaa rafu moja na orodha iliyotafsiriwa na mashine usiku mmoja, kwa bei ileile na nyota zilezile.

Ninachopendekeza kinawezekana. Tuandae maneno 100 na sentensi 20 za kupimia, nusu za Kiswahili sanifu, nusu za Katanga, tukianzia kitabu cha Ferrari, Kalunga na Mulumbwa cha 2014 kuhusu Kiswahili cha Lubumbashi. Wanafunzi wa mwaka wa tatu wapime programu kadhaa kila muhula, mhadhiri asahihishe, matokeo yatiwe sahihi na kuchapishwa: nani ameitengeneza, inafundisha Kiswahili cha wapi, imekosea wapi, inastahili bei yake au la. Kurasa mbili za kila toleo la jarida hili zingetosha kuanza.