Fritezi ya hewa: tuhesabu kwanza, tupike nyuma



Mwezi huu, katika ukurasa wetu wa mambo ya nyumba, tunasema juu ya mashini moja ambayo imeingia katika maduka ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, na zaidi katika simu za vijana. Wauzishaji wanaiita fritezi bila mafuta. Wengine wanasema fritezi ya hewa. Wachumba wanaiandika katika orodha ya vitu vya ndoa. Bwana akipata feza kidogo juu ya mshahara wake, anataka kuileta nyumbani kama zawadi. Kambo akiiona juu ya meza anauliza: «Ile kintu haina moto, haina mafuta, itaivisha nini?»

Tusicheke ulizo la kambo. Njo ulizo ambalo kila mtu angepaswa kuuliza mbele ya kutoa feza yake.

Mashini hii njo nini?

Jina lake linadanganya kidogo. Kukaanga ni kutia chakula ndani ya mafuta ya moto. Mashini hii haikaangi. Ni furu, sawa ile ya kuchoma mikate, lakini iko ndogo. Ndani, upande wa juu, kuna waya unaowaka sawa ule wa resho. Juu ya waya kuna vantilateri ndogo inayozunguka mbio na kusukuma hewa ya moto kila upande wa chakula. Chakula kinakaa katika kikapu chenye matundu, ili hewa ipite hata chini. Hewa ile inakausha ngozi ya kiazi au ya kuku, inaigeuza rangi na kuifanya ngumu kidogo kwa meno, na ndani kunabaki laini.

Mholanzi Fred van der Weij njo aliyetengeneza mashini ya namna hii, na kampuni ya Philips ilionyesha ya kwanza mjini Berlin katika mwaka 2010. Leo viwanda vingi vinaitengeneza, vizuri na vibaya.

Basi kambo apate jibu lake: mashini hii inaivisha vitu vikavu. Viazi, mihogo, kuku, samaki, nyama ya vipande. Bukari haipiki. Sombe haipiki. Maharagwe na mchele, hapana. Mtu akikuambia kwamba ukinunua hii utatupa mbabula yako, anakuuzisha maneno matupu.

Hesabu nne mbele ya kununua

*Ya kwanza: umeme wako.* Umeme wetu wa Katanga unatoka kwa maji: Mwadingusha na Koni juu ya mto Lufira, Nzilo na Nseke juu ya Lualaba, na tena waya mrefu unaotoka Inga mpaka Kolwezi. Mashimo na viwanda wanakula umeme ule, na nyumba zetu pia. Kila mtu anajua vile inakuwaka saa kumi na mbili ya magaribi, wakati kila nyumba inawasha resho: taa zinakuwa nyekundu.

Sasa sikiliza vizuri. Mashini nyingi zinaomba wati 1.400 mpaka 1.700, na umeme wa volti 220. Kama volti zinashuka mpaka 180, mashini ya wati 1.500 inabaki na nguvu ya wati 1.000 tu. Haikuharibika, imekosa nguvu. Viazi vya dakika 20 vitaomba dakika 30, na vitakauka mbele ya kugeuka rangi. Kwa hiyo, kama kwenu umeme unakuja saa mbili za usiku tu, au unakuja kila siku bila nguvu, ngoja kwanza. Mashini isiyofanya kazi ni sahani ya gali isiyo na chakula.

Usitumainie jenereta ndogo ile ya kuwasha televizyo na taa. Haiwezi kubeba wati 1.500. Batri ndogo za jua vilevile. Stabilizateri ya televizyo nayo itaungua. Ukitaka stabilizateri, inapaswa kushinda nguvu ya mashini: kwa wati 1.500, tafuta ya 2.000 au zaidi.

*Ya pili: vinywa vya nyumba.* Hapana kutazama sanduku kwa nje, soma litri. Mashini ya litri 3 au 4 inatosha watu wawili au watatu. Ya litri 5 au 6 inaweza kubeba kuku mdogo mzima, na kulisha watu wanne au watano. Nyumba ya watu wanane itapika mara mbili au tatu. Wa kwanza watamaliza kula wakati wa mwisho wanangoja. Ukikaza chakula chote mara moja, hewa haipati njia, na utakula viazi vilivyopikwa na mvuke.

*Ya tatu: maandiko na namna yake.* Geuza mashini, soma karatasi iliyobandikwa chini au nyuma. Lazima iandikwe volti 220 mpaka 240. Ndugu wanaoishi Marekani wanatumaka mashini za volti 120. Ukiichomeka katika prizi yetu bila transfo, itaungua mara moja.

Kuna mashini za vifungo viwili vya kuzungusha, na kuna zile za kugusa kioo kwa kidole. Kwetu, ambako umeme unakatika na kurudi kwa nguvu, zile za kuzungusha zinavumilia zaidi. Lakini jua jambo moja: saa yake nyingi inatembea kwa resori. Umeme ukikatika, saa inaendelea kutembea, nyuma inalia «tingi!» na kuku bado ana damu. Tazama chakula, hapana kusikiliza kengele tu.

Mwombe muuzishaji aichomeke mbele yako na aiache dakika tano. Fungua kikapu: weusi wake wa ndani usiwe na mkwaruzo. Harufu ya plastiki kidogo siku ya kwanza ni kawaida. Moshi si kawaida.

*Ya ine: feza yenyewe.* Hapa tunataka kusema wazi. Hatuandiki bei, kwani inabadilika kila wakati. Lakini mashini ya kupika viazi haifai kununuliwa kwa deni, wala kwa feza ya masomo ya mtoto wa sekondari, wala kwa feza ya likelemba ambayo mama alikuwa anaingojea kwa biashara yake. Bwana, ulizana na bibi yako mbele ya kununua. Yeye njo anajua jiko linapungukiwa nini. Pengine anataka sufuria yenye kifuniko kizuri, ambayo itaivisha maharagwe kila siku ya mwaka. Zawadi inayomkasirisha mwenye kuipokea haina maana.

Jaribu hivi: kwa juma moja, andika katika kadaftari makala na mafuta yaliyotumika kwa kukaanga tu. Acha bukari na mboga. Nyuma, hesabu umeme. Mashini ya wati 1.500 ikifanya kazi nusu saa nzima, haipiti kilowati-saa 0,75, na mara nyingi inakula chini ya hapo, kwani moto wake unajizima na kujiwasha. Zidisha kwa bei iliyo katika karatasi yako ya umeme. Weka hesabu mbili upande kwa upande. Nyumba inayokaanga mara moja kwa mwezi haitaona faida. Nyumba inayokaanga mara nne kwa juma itaiona, zaidi kwa mafuta: kukaanga sufuria moja kunaomba nusu litri au zaidi, hapa ni kijiko kimoja.

Umekwisha kuinunua? Jifunze sasa

Iweke juu ya meza ngumu, mbali na ukuta kwa upana wa kiganja kimoja na nusu, kwani inapumua moto kwa nyuma. Isiwe juu ya kitambaa cha plastiki wala karibu na rido. Ichomeke katika prizi ya ukuta yenyewe. Ralonji ya waya mwembamba inapata moto na inaweza kuunguza nyumba. Wakati ule ule usiwashe resho wala pasi katika prizi moja. Waya usining'inie mahali mtoto anaweza kuuvuta.

Kisha shika mambo haya matano:

1. Iwashe tupu dakika tatu, ipate moto kwanza.
2. Chakula kikaushwe kwa kitambaa safi. Maji njo adui.
3. Kijiko kimoja cha mafuta, upakaze kwa mkono ndani ya bakuli. Usimwage mafuta ndani ya mashini hata siku moja.
4. Jaza kikapu nusu, si kupita. Katikati ya kazi, vuta kikapu, tikisa, rudisha.
5. Ikipoa, osha kwa maji, sabuni na kitambaa laini. Majivu, mchanga na waya wa kusugulia ni kwa sufuria zetu za zamani. Hapa vinatoa ule weusi wa ndani, na nyuma chakula kinashikamana.

Mandazi ya unga mwepesi, zile tunaita benye, hapana kuzijaribu: unga utadondoka kupita matundu. Tuwaachie mama wanaoziuzisha asubuhi.

Chakula tatu za kuanzia

*Viazi vya kizungu.* Kata vipande vya unene wa kidole kidogo. Loweka katika maji baridi nusu saa, kausha vizuri. Kwa nusu kilo, kijiko kimoja cha mafuta. Digri 180, dakika 20 mpaka 22, tikisa mara mbili. Chumvi mwishoni. Toa vikiwa na rangi ya dhahabu, usingoje viwe vyeusi. Katika mwaka 2002 wataalamu wa Sweden walionyesha kwamba viazi na vyakula vya unga vikipata moto mkali vinatoa kitu kinachoitwa akrilamidi, ambacho si kizuri kwa mwili. Rangi ikizidi, nacho kinazidi. Kuloweka kunakipunguza.

*Mihogo.* Hapa tahadhari. Mashini hii haitoi sumu ya muhogo. Chukua muhogo mtamu, menya, chemsha kwa maji mengi mpaka uive, mwaga maji yale. Kausha, pakaza mafuta na pilipili. Digri 200, dakika 12 mpaka 15. Muhogo mchungu unabaki na njia yake ya zamani ya kulowekwa siku nyingi.

*Mapaja ya kuku.* Kuku ya kongelateri iyeyuke kabisa, hata karibu na mfupa. Chumvi, kitunguu saumu, ndimu, kijiko cha mafuta. Ikae saa moja. Digri 180, dakika 25, ugeuze katikati. Choma kwa kisu karibu na mfupa: maji yakitoka na wekundu, rudisha dakika tano, hata kama ngozi imekuwa nzuri kwa macho.

Ninyi vijana wanaume, ukurasa huu ni wenu pia. Siku mama amechoka, kijana anaweza kukata viazi na kuvitikisa. Hakuna heshima inayopotea kwa kuosha kikapu.

Na mbabula?

Mbabula itabaki, lakini tunaweza kuipumzisha. Makala tunayowasha yanatoka katika pori letu la miombo, na katika tanuru ya udongo kilo moja ya makala inakula kilo tano mpaka kumi za miti. Wazee wa Lubumbashi wanakumbuka wakati pori lilikuwa karibu na mji. Leo magunia yanatoka mbali. Tena, katika baridi ya mwezi wa sita na wa saba, kuna nyumba zinazoingiza mbabula ndani na kufunga madirisha. Hewa ya makala haina harufu, lakini inaua watu wakilala. Hata usiponunua mashini yoyote, shika hili: mbabula inapikia inje, ao mlango na dirisha wazi.

Maulizo ya kuzungumza nyumbani

— Katika juma, tunakaanga mara ngapi, na mafuta inaenda wapi?
— Kwetu umeme uko na nguvu saa gani? Nani ameandika?
— Tukiwa na feza ya kununua kitu kimoja tu cha jiko mwaka huu, mama angechagua nini? Watoto nao wangechagua nini, na juu ya nini?

Zungumzeni bila kukasirikiana, siku moja mkiwa wote juu ya meza. Mwezi ujao tutasema juu ya sanduku la majani makavu, linalomalizia kuivisha maharagwe bila kuongeza makala. Kadaftari mliyoanza, msiitupe, tutaitumia tena.