Kosa la Kompyuta Lisomwe, Lisifichwe

Mwananchi aliyetoka Micheweni au Makunduchi kwa nauli yake kufuata huduma ya Serikali, akifika dirishani akaambiwa "mtandao hakuna, njoo kesho", hakupewa jibu. Amepewa kisingizio. Huenda mtandao upo, na kilichokwama ni kanzidata. Na ujumbe wa kosa umeandikwa wazi kwenye kioo cha kompyuta, ila hakuna aliyeusoma.

Hapana budi watendaji wetu wauelewe mtambo wanaoutumia. Kanzidata za majedwali, ambazo msingi wake uliwekwa mwaka 1970 na Mwingereza Edgar Codd alipokuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM, huweka habari katika majedwali yanayofungamana kwa namba. Jedwali moja lina majina ya wananchi, jingine lina malipo yao. Malipo yakiingizwa kwa namba isiyokuwamo katika jedwali la majina, kanzidata iliyopangwa vyema huyakataa na kutoa kosa. Kukataa huko si ubovu, bali ni kazi ya bawabu anayelinda mali ya umma. Mkubwa anayemwamuru fundi akiondoe kizuizi hicho ili foleni ipungue, amewafungulia mlango watu hewa. Walimu wetu wa chuoni walitufunza kwamba deni liandikwe na lishuhudiwe. Kizuizi hicho ndicho shahidi.

Yako pia makosa yanayotokana na mkono wa binadamu, na hayo ndiyo yanayopima uongozi. Tarehe 31 Januari, 2017, kampuni ya GitLab, inayowahifadhia watu programu zao, ilikuwa na seva mbili za kanzidata: kuu na ya akiba. Ile ya akiba ilibaki nyuma. Fundi mmoja, aliyekuwa akihangaika nayo hadi usiku, alidhani yumo katika seva ya akiba, akatoa amri ya kufuta. Kumbe yumo katika seva kuu. Alipozinduka na kusimamisha amri, katika gigabaiti zipatazo 300 zilisalia 4.5 tu.

Zilipotafutwa nakala za akiba, ikadhihirika kwamba nakala za kila siku hazikuwapo. Programu ya kuzitengeneza ilikuwa ya toleo la zamani kuliko kanzidata yenyewe, na kwa hiyo ilishindwa kila ilipoanza. Barua pepe za kutahadharisha nazo zilikuwa zikikataliwa njiani, wala hakuna aliyejua. Kilichowaokoa ni nakala iliyochukuliwa kiasi cha saa 6 kabla kwa ajili ya majaribio. Kazi ya saa hizo ilipotea, zikiwamo akaunti mpya zipatazo 700.

Hata hivyo, kampuni ile haikuficha. Ilitangaza kosa lake hadharani, ikaonyesha kazi ya ukarabati ilipokuwa ikiendelea, na haikumtoa fundi kafara, kwani ilitambua kwamba kasoro ilikuwa ya utaratibu mzima. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Kwa hiyo twazitaka ofisi zote za umma, Unguja na Pemba, zitekeleze mambo matatu. Kwanza, ujumbe wa kosa uandikwe neno kwa neno, pamoja na saa yake, kabla ya mtu yeyote kugusa kitu. Pili, nakala ya akiba irejeshwe katika kompyuta nyingine kwa majaribio, mara kwa mara, mkuu wa ofisi akishuhudia. Nakala isiyowahi kurejeshwa ni tumaini tu, si akiba. Tatu, mwananchi aelezwe ukweli: kipi kimeharibika, nani anakishughulikia, na arudi lini.

Kumbukumbu hizi ni za wananchi: ndimo ilimo haki ya mjane ya pensheni na ya mtoto ya cheti cha kuzaliwa. Aliyekabidhiwa amana hana ruhusa ya kusema hakuona.